Cherehani kwa Taya ya Meno Manne

Kila asubuhi, kabla hajakaa sawasawa kitini, shangazi alikuwa ameshakata uzi wa kwanza kwa meno na kuubandika kwenye mkono wa kushoto wa blauzi yake. Hakutupa kipande cha uzi chini hata siku moja. Vyote vilikwenda mkononi vikang'ang'ania pale, na kufika adhuhuri ungeweza kumtazama toka begani hadi kiwikoni ukajua siku imekwendaje. Buluu nyingi, ni sare za shule. Nyeupe, kuna bibi harusi mahali. Rangi za kila namna, ni siku ya viraka, na siku ya viraka usimwombe kitu.

Alishona pamoja na mama yangu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Shangazi ni dada yake baba, kwa hiyo yeye na mama ni mawifi, na mawifi wale walishirikiana katika kila kitu: dirisha moja, meza moja ya kukatia, pasi moja, na wateja ambao kila mmoja alidai ni wake. Cherehani tu ndizo zilikuwa mbili. Ya mama ilikuwa mpya kidogo na yenye kelele. Ya shangazi ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, na maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika pale mkono unapopita. Mimi niliacha shule mapema, nikawa nakaa kwenye kibao karibu na mlango nikifumua pindo za nguo za kurekebishwa. Mtu anayefumua pindo husahaulika upesi, na watu huongea.

Mambo ya kukereza mti yaliletwa na vifungo.

Mteja mmoja alileta koti zito akataka vifungo vya mti, plastiki hataki hata kuiona. Shangazi akavuka barabara kwenda kwa Fundi. Tulimwita Fundi basi, kana kwamba hakuna mwingine mjini, ingawa kazi yake ilikuwa moja tu, kukereza. Mashine yake huuzungusha mti kwa kasi, naye husimama mbele yake na patasi ndefu, anaugusa hapa, anaugusa pale, mti unageuka mguu wa meza. Miguu ya meza, miguu ya vitanda, fito za migongo ya viti, hivyo alivitoa hata akiwa anasinzia. Vifungo hakuwahi. Alipovimaliza alivitia kwenye kopo, na shangazi akaja kuvimwaga mezani kwetu.

"Wifi, hebu njoo uone. Hiki kinene kama biskuti. Hiki ukikipulizia kinaruka."

"Na hiki kina kona," mama akasema. "Kifungo chenye kona sijakiona tangu nizaliwe."

Shangazi akavirudisha koponi, akavuka barabara tena. Nilimsikia kutoka dirishani, maana akikasirika hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Fundi, hivi ni vifungo au vizibo vya chupa?"

"Mshonaji, kama unajua zaidi, mashine hiyo hapo."

Alisema kwa kejeli, na kosa ni lake mwenyewe. Shangazi aliweka kopo chini, akakunja mikono ya blauzi, nyuzi na yote, akauliza, "Inawashiwa wapi?"

Ndivyo alivyoanza. Asubuhi alishona, na jua likishaegemea upande wa pili alivuka barabara.

Karakana ya Fundi ilikuwa na sheria moja. Mti ukiruka kutoka kwenye mashine, mashine inazimwa na chai inanywewa. Usidhani ni ukarimu. Fundi alisema mkono uliotishwa hutafuta kisasi, na mti wa pili huruka kwa nguvu kuliko wa kwanza. Basi unakaa kwenye gogo, unakunywa kikombe kizima, na mpaka kikombe kiache kutetemeka ndipo unaruhusiwa kushika patasi. Siku za mwanzo shangazi alirudi kwetu tumbo likimcheza kama ndoo ya maji.

"Njoo ule," mama alimwambia.

"Nile nikiweke wapi? Nimejaa chai mpaka shingoni."

"Leo imeruka miti mingapi?"

"Wifi, usinihesabie."

Shida yake ilikuwa ushonaji. Kwenye cherehani nguo unaisukuma iende kwa sindano. Kwenye mashine ya Fundi mti unakuja wenyewe, na ukiusukumia patasi, unaidaka na kukurushia. Siku moja nilimpelekea kikombe chetu alichokisahau nyumbani, nikamsikia Fundi akimwambia, bila hata kugeuza kichwa, "Usiusukume. Laza mgongo wa patasi juu ya mti kwanza, usugue tu bila kukata. Haya. Sasa inua mkono wa nyuma, pole, pole, mpaka makali yaanze kula yenyewe." Shangazi akainua mkono. Sauti ya mashine ikabadilika kutoka kukwaruza ikawa kama mtu anayevuta pumzi, na kwenye patasi likatoka randa moja la mti, refu, jembamba, linalojiviringa kama utepe. Likaendelea kutoka. Shangazi akacheka peke yake kama mtoto aliyetekenywa.

Alilileta nyumbani randa lile akalipima kwa tepu ya kushonea.

"Sasa utamshonea nani?" mama akauliza.

"Nusa kwanza."

Mama akanusa. Akanusa tena.

"Umeona? Nimeshona nguo za watu miaka yote hii, wifi, na hakuna hata moja iliyonukia hivyo."

"Zilinuka jasho."

"Ndiyo ninachosema."

Lakini vifungo vilikuwa bado. Mashine ya Fundi ilishika mti kwa ncha mbili za chuma, moja kushoto, moja kulia, kama unavyoshika muhindi kwa vidole ukiutafuna. Kwa mguu wa meza inatosha. Kwa kifungo haifai, kwa sababu kifungo ni kipande unachokikata kutoka mwishoni mwa kijiti, na mwisho wenyewe umeshikwa na ncha. Ukikata tu, kijiti kinabaki hakina mshikaji, kinaruka. Chai. Ndiyo maana Fundi alivikata kwa msumeno wa mkono, na ndiyo maana kimoja kilikuwa na kona.

"Kinachotakiwa ni taya," Fundi akasema siku moja wakiwa kwenye gogo na vikombe vyao. Taya, kama wenye kazi wanavyoiita, ni chuma cha duara kinachofungwa kwenye kichwa cha mashine, chenye meno manne makubwa yanayobana mti upande mmoja tu. Upande wa pili unabaki huru, unakata kifungo baada ya kifungo kama unakata mkate. "Mimi sijawahi kuwa nayo. Miguu ya vitanda haiitaki. Nimeziona kwa watu."

Shangazi alikunywa chai yake yote na kikombe hakikutetemeka.

Nyuma ya mtaa wetu, ukifika kona ukapinda kulia, kulikuwa na duka la vyuma vilivyotumika. Mwenye duka tulimwita Baba Vyuma. Alikuwa na taya mbili, na hakuwa na haja ya chochote alichokuwa nacho shangazi isipokuwa kimoja. Binti yake alitaka kujifunza kushona.

Mama aliposikia aliacha kukanyaga.

"Cherehani yako? Wifi, watu huuza vyombo wakifukuzwa na shida. Wewe shida unaifuata kwa miguu yako."

"Ninabadilishana, siuzi."

"Na chuma kikikataa?"

"Mpaka Ijumaa nikikirudisha, ananirudishia cherehani. Jua la Ijumaa likizama, basi. Jumamosi binti yake anafika, na akishaikanyaga, Baba Vyuma mwenyewe amesema hawezi kumnyang'anya. Anamwogopa."

Yaani mambo yalikuwa wazi. Taya ikifaa, shangazi ni mkerezaji. Isipofaa na Ijumaa ikapita, mshonaji hayupo na mkerezaji hayupo, kuna mwanamke mtu mzima na chuma mapajani. Hata mimi niliacha kufumua kidogo.

Kwenda kuchagua alikwenda na mama, ambaye alisema anakwenda kuzuia wazimu, nami nikabeba kikapu. Fundi hakuja, ila alitoa onyo moja. Meno ya skrubu ya ndani ya taya lazima yaingiane na yale ya kichwa cha mashine, la sivyo mtarudi na kizuizi cha mlango. Kichwa cha mashine hakibebeki. Basi shangazi alifungua kisahani cha chuma kilichokuwa kimefungwa kwa skrubu pale kichwani, akapaka sabuni ndani ya tundu lake, akayeyushia mshumaa humo. Ulipopoa akauzungusha taratibu, ukatoka mzima na meno yake yote: kichwa cha mashine, lakini cha nta. Akakifunga kwa kitambaa kibichi.

"Nipe nikushikie," mama akasema njiani.

"Thubutu! Mikono yako ya pasi itaniyeyushia mashine."

Kile kichwa cha nta kiliingia kwenye taya zote mbili, kikazunguka mpaka mwisho bila kulalamika. Kwa hiyo kazi ya kuchagua ikawa kweli kazi. Taya moja ilikuwa ndogo, nyeusi, ina kutu pembeni, inaenea kwenye kiganja. Nyingine ilikuwa kubwa kama sufuria ya watu wanne, imepakwa mafuta, inameta. Baba Vyuma alitia ufunguo ubavuni mwa ile kubwa, akazungusha, na yale meno manne yakasogea katikati kwa pamoja, kama watu wanaokwenda kupeana mikono.

"Angalia adabu hiyo," akasema.

Shangazi alishika ndogo, akashika kubwa, akashika ndogo tena.

"Mimi sijui kitu," mama akasema, "lakini kama wazimu ni lazima, bora uchukue wazimu mkubwa."

Nadhani shangazi alikuwa ameshaamua. Aliwaza kama mshonaji. "Nguo kubwa hupunguzwa," akasema. "Nguo ndogo utaiongezea nini? Nipe kubwa."

Baba Vyuma akatikisa kichwa kama aliyesikia maneno ya hekima. Mchana huohuo alituma mkokoteni. Cherehani nyeusi ikatoka mlangoni kinyumenyume, ikaacha alama nne sakafuni, na mama akafagia kuzunguka zile alama bila kuzigusa.

Hapo ndipo alipokosea. Chuma si nguo. Kwanza taya kubwa ilikuwa nzito, na mashine ya Fundi ilipowashwa ilinguruma, ikasita, ikaanza kuzunguka kwa uvivu huku meza nzima ikitembea. Hilo Fundi alilitibu kwa mifuko ya mchanga kwenye miguu ya meza. La pili halikuwa na mchanga. Vijiti vya shangazi vilikuwa vya unene wa kidole gumba, mabaki magumu, mazuri, ya fito za viti. Alizungusha ufunguo, yale meno manne yakaenda, yakaenda, yakagusana, yakafunga mdomo kabisa. Katikati likabaki tundu. Kijiti kikaingia humo, kikatoka, kikaingia, kikicheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake.

Fundi alitia kidole chake gumba, akakizungusha humo, akakitoa.

"Labda ukereze vifungo vya tembo," akasema.

"Fundi, usinichekeshe, nalia."

"Basi chukua mti mnene unaoenea, ukereze mpaka ubaki kidole gumba."

"Na mwingine wote uwe maranda? Nikate jora zima kupata leso moja?" Hilo mshonaji hawezi. Mkono wenyewe unakataa.

Alikimbia kwa Baba Vyuma kubadilisha achukue ndogo. Ndogo ilikuwa imeondoka asubuhi ileile, imenunuliwa na mtu wa mbali. Baba Vyuma alisikitika kweli, akamwonyesha cherehani yake chini ya turubai. Ilikuwa hapo, haijaguswa, ichukue hata sasa hivi. Shangazi aliitazama, akasema Ijumaa bado.

Mama siku hizo alikuwa mwema kupita kiasi. Sare za shule zilikuwa zimejaa hadi dirishani, na kila alipozikunja alisema peke yake, kwa sauti, "Hizi zilitaka mikono minne." Au, "Kiti hicho nisimpe mtu, mwenyewe atarudi." Shangazi alikuwa anapiga pindo kwa sindano ya mkono tu, maana hakuwa na cherehani, na kila uzi alioubandika mkononi ulikuwa unagusana na vumbi la mti.

Jambo la kwanza alilojaribu lilikuwa la kishonaji tena. Nguo ikimpwaya mtu, unaitia bitana. Akachukua kitambaa kizito, akakiviringisha kwenye kijiti mpaka kikanenepa, akakibana kwenye taya, akawasha. Kilishika. Kisha kitambaa kikaanza kufunguka. Ncha yake ikatoka, ikawa ndefu, ikawa ndefu zaidi, ikazunguka ikipiga kila kitu kwa mzunguko, ikamvua Fundi kofia na kuitupa kwenye pipa la maji. Kijiti kikafuata.

"Chai," Fundi akasema, kichwa wazi.

Wakakaa. Nilikuwepo, mama alinituma nimkumbushe shangazi kwamba ni Alhamisi. Walikunywa, kofia ikidondosha maji kwenye msumari.

"Wazo si baya," Fundi akasema baadaye. "Kitambaa ndicho kibaya. Unamvisha mti pamba, yeye si wa pamba."

Shangazi aliacha kikombe mdomoni.

"Bitana ya mti," akasema.

"Maliza chai kwanza."

"Fundi!"

"Sheria ni sheria."

Akaimaliza kwa mkupuo mmoja, akajiunguza, akasimama. Alibana kipande kinene cha mti kwenye taya, ambacho kilienea vizuri, akakitoboa katikati kwa keekee tundu la kidole gumba. Hiyo ndiyo bitana. Lakini bitana hiyo haikubana kitu, ilikuwa tundu tu. Wakaitazama. Fundi ndiye aliyechukua msumeno akaipasua mipasuko kwa urefu, isifike mwisho, ili meno ya taya yakibana kwa nje, mti ujikunyate kwa ndani. Ya kwanza ilipasuka yote. Ya pili walichagua mti usio na fundo.

Ijumaa asubuhi kijiti kiliingia kwenye bitana, shangazi akazungusha ufunguo, na kijiti kikanyamaza. Akakivuta kwa mkono. Akaning'inia nacho nusura avunje mashine. Akawasha, akasimama na patasi, mgongo kwanza, akainua mkono wa nyuma, na kifungo cha kwanza kikadondoka kwenye kiganja chake kikiwa bado cha moto. Cha pili. Cha tatu kikafanana na cha pili. Siku hiyo hakuna aliyekunywa chai.

Alasiri, vifungo vikiwa vimeshatobolewa matundu mawili mawili, alikuja kwetu na koti la yule mteja, akakaa kitini mwake pasipo na cherehani mbele yake, akaanza kuvishonea vile vifungo. Mama alichukua kimoja, akakigeuza, akakipeleka dirishani.

"Matundu haya yako pembeni."

"Yako katikati."

Mama akakigeuza tena. "Haya, yako katikati." Akakirudisha. "Vizuri sana, wifi. Sasa umeshawaonyesha. Twende kwa Baba Vyuma kabla jua halijashuka. Nimemwomba jirani mkokoteni."

"Ngoja nimalize."

"Sare hizi peke yangu siziwezi, nakwambia ukweli. Na mimi kuongea na huyu hapa ni sawa na kuongea na ukuta." Huyu hapa nilikuwa mimi.

Shangazi alicheka. Akashona kifungo cha mwisho polepole kuliko vyote, akakizungushia uzi shingoni, akafunga fundo. Alikunja koti, akaliweka mbele ya mama. Kisha akatoa mkasi wake mfukoni, ule mkubwa ambao tangu nizaliwe hakuna aliyeruhusiwa kuukatia hata karatasi, akauweka juu ya koti.

Mama aliutazama ule mkasi. "Huu wa nini?"

"Wako umebutuka."

"Unakwenda kwa Baba Vyuma?"

"Natoka kidogo, wifi."

"Mkokoteni uko nje."

"Nauona."

Akampita yule mwenye mkokoteni, akamsalimu. Mimi nilikuwa mlangoni. Mikono yake ilikuwa mitupu, taya ilikuwa kule kule kichwani mwa mashine. Kwa Baba Vyuma ungeshika njia mpaka kona kisha kulia. Yeye alisimama ukingoni mwa barabara, akapisha baiskeli, akavuka. Baadaye kidogo nilisikia mashine ikinguruma, ikasita, ikachanganya mwendo.

Mama aliendelea kukanyaga cherehani yake, sare baada ya sare. Jua lilishuka nyuma ya paa za upande wa pili, likawa jekundu, likazama, na yule mwenye mkokoteni akauliza kama bado anahitajika.

"Nenda, baba," mama akamwambia. "Harudi."